Miguu ya Kumwoshea Mtoto

Kwetu, mtoto mchanga haoshwi mezani. Anayemwosha huketi chini, hunyoosha miguu, humlaza mtoto juu ya miundi yake, na beseni la maji ya uvuguvugu huwekwa upande wa mkono wa kulia. Miundi miwili ikikaribiana hufanya mfereji mdogo ambamo mtoto hatelezi. Nimewaosha hivyo watoto wangu, watoto wa dada zangu na watoto wa nusu ya mtaa wetu hapa Kampemba, Katanga, wala sikuwahi kumuuliza mtu kama naweza. Na mtoto wa kwanza wa binti yako, huyo ni wako kumwosha. Hakuna anayekupangia. Mama wa mama ndiye anayeketi chini.

Kwa hiyo niliposhindwa kuketi chini, binti yangu mwenyewe akiwa ananitazama, nilijua nimepatikana.

Ilikuwa nyumbani kwa jirani. Mkwe wake alikuwa amejifungua, nyanya wa mtoto, mama wa huyo mkwe, alikuwa safarini, wakaniita mimi kama kawaida. Binti yangu, ambaye mimba yake ilikuwa bado changa, alinifuata ili ajifunze. Nilishika ukuta, nikakunja magoti, na magoti yakakataa. Hayakukataa kwa adabu. Yaliniachilia, nikaanguka ubavu juu ya mkeka, kanga ikaniacha kichwa wazi. Alhamdulillah mtoto alikuwa bado mikononi mwa mama yake. Wanawake wawili walinishika makwapani wakaniinua kama gunia la makaa, na mtoto akaoshwa na mwingine.

Binti yangu alingoja tufike nyumbani, nikae kwenye kiti changu.

“Maman, pardon, usikasirike,” alisema. “Mama ya bwana yangu atatoka Likasi, njo ataosha mutoto. We utaanguka na ye.”

Nilikasirika. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mjukuu wangu siku moja atajua kusoma. Nilimwambia pia kwamba yeye mwenyewe aliogea juu ya miguu hii hii na hakuna aliyemwokota sakafuni. Aliinamisha kichwa, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Hapo ningepaswa kunyamaza, maana nilijua tumbo lile limetoka wapi. Alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto, na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hakuwa ananidharau, alikuwa anaogopa. Lakini mtu aliyechomwa haulizi kama mwiba ulikusudia, na mimi nililala na dharau ile kifuani.

Magoti yangu nilikuwa nimeyamaliza sokoni. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, mwana wa watu wa Maniema, na mimi nilirithi upande wa kitambaa: niliuza vitenge nikiwa nimesimama tangu usichana mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwili nao ukaongezeka, kwa maana bukari, ugali wetu, ni tamu na sijawahi kuisema vibaya. Kwa muda mrefu sasa nilikuwa naswali juu ya kiti. Hilo nilikuwa nimelikubali, kwa sababu Mwenyezi Mungu anamwelewa mzee. Mtoto mchanga haelewi kiti.

Nilikwenda kituo cha afya nikiwa nataka sindano. Mwanamke anayehusika na mazoezi ya viungo pale, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alinikunja goti, akalikunjua, akasikiliza linavyolia. Aliniuliza nataka kufanya nini ambacho siwezi. Nilimwambia: kuketi chini na kunyoosha miguu, na mtoto juu yake.

“Bien,” alisema. “Ile magoti inabeba kilo mingi, njo maana inakataa kujikunja. Tutapunguza kilo kwanza.”

“Unataka nikufe na njala?”

“Hapana, mama. Utaingia mu mayi.”

Nilidhani ananitania. Mama yangu alitulea karibu na mto Naviundu, na kwake maji yalikuwa ya kuchota, ya kufulia na ya kutawadhia. Msichana aliyeonekana ndani ya mto alipigwa kabla hajakauka. Nimezeeka bila kuingiza mwili wangu wote majini hata mara moja. Lakini tumbo la binti yangu lilikuwa linakua, na yule mama wa Likasi, nilisikia, alikuwa na magoti mazima. Nikasema nitakwenda nikaone.

Lilikuwa bwawa la hoteli ndogo, upande wa Naviundu, ambalo mwenyewe alilitoa kwa wanawake wazee asubuhi za wiki ambazo hakuna wageni. Mlinzi wake alikuwa mzee wa heshima. Alipotuona tunafika aligeuza kiti chake, akaketi akitazama ukuta, na hakugeuka mpaka tulipoondoka. Tulikuwa kama kumi. Rais wetu, maana wanawake watatu wakikutana mjini kwetu lazima awepo rais, alikuwa mama mrefu Mkatoliki, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga. Aliimba kwaya mbili na alizoea kutiiwa katika zote mbili. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, lakini hakuuruhusu uonekane.

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi hatukuyavulia. Siku ya kwanza kila mmoja aliingia na kitenge chake cha nyumbani kiunoni na blauzi juu, na wote tulikuwa tumesahau kwamba kitambaa huelea. Tulipofika kifuani, vitenge vilipanda vyote kwa pamoja na kutuzunguka. Rais alikuwa anakishusha chake kwa mkono mmoja na kuomba kwa Bikira Maria kwa mwingine. Nilicheka mpaka nikanywa maji, kisha nikaogopa, nikashika bomba la chuma la ukingoni kwa nguvu zangu zote.

Ndipo nilipogundua kwamba magoti yamenyamaza. Sikujua yanapiga kelele kiasi gani mpaka yalipoacha. Nilihamisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, nikangoja maumivu, hayakuja. Nilitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na nusu ya mwili wangu ilikuwa imepokelewa na mtu nisiyemwona. Nilifurahi mpaka nikaona haya, mwanamke mzima.

Yule mama wa mazoezi alisimama ukingoni na filimbi yake, akatueleza bila kutupamba. Maji yanakubeba, ndiyo maana viungo vinasogea bila kusagana. Lakini maji hayohayo yanakuzuia ukitaka kwenda haraka, kwa hiyo misuli ya paja inafanya kazi, na paja likipata nguvu goti linapumzika. Ukiyumba maji yanakushika, basi unajifunza kusimama imara bila kuogopa kuvunjika nyonga. Wenye presha aliwapima kwanza, na mwenye kidonda au homa alimrudisha nyumbani. Tulitembea mbele, tukatembea kinyume, tukainua magoti, tukashika ukingo na kuzungusha mguu, tukasukuma maji kwa viganja. Mimi si mtu wa kuamini upesi. Lakini usiku ule nililala moja kwa moja mpaka adhana, na kesho yake nilipanda ngazi za nyumbani bila kuzilaani.

Siku zikaenda. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa anakatika pumzi kila anapobeba ndoo, alianza kuimba akiwa majini, na ilibidi tumwombe anyamaze. Mimi niliweza kupiga magoti kwenye ngazi ya bwawa, maji yakiwa tumboni, na kuinuka mwenyewe. Mama wa mazoezi alinionyesha njia ya kushuka chini: mkono ukutani, goti moja, goti la pili, kaa ubavu, kisha leta miguu mbele. Na njia ya kurudi ni ileile kinyume chake. Majini niliijua kama Fatiha. Nchi kavu ilikuwa bado.

Kisha rais akaitisha mkutano kwa sababu ya aibu ya vitenge kuelea.

“Groupe bila iniforme haiko groupe,” alisema. “Ku kwaya tuko na iniforme, ku ndoa tuko na iniforme, ata ku kilio. Ku mayi tunaingia sawa bakimbizi?”

Kila mtu aliona amesema kweli. Hapa kwetu hakuna jambo linaloanza vizuri kabla halijapata kitambaa chake. Rais alinunua kitenge cha buluu iliyokolea, kipya, chenye ndege wa njano, na fundi akatushonea suruali pana na blauzi ndefu za kufanana. Zilipoletwa nilifanya kile nilichofanya maisha yangu yote: nililowesha kidole kwa mate nikakisugua kwenye kitambaa. Kidole kikawa cha buluu.

“Hii itachuja,” niliwaambia. “Muiloweshe kwanza mu mayi ya chumvi, muifule mara mingi, alafu tuone.”

“Yaya, ile iko wivu tu,” alisema rais, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, “juu hatukuinunua kwako.”

Wote wakacheka, nami nikasusa. Sikio la kufa halisikii dawa. Hata hivyo yangu niliiloweka chumvi nyumbani, nikaifua mpaka ndege wakachoka.

Tuliingia majini tumependeza. Hilo nitalisema kwa haki: tulipopanga mstari kwenye ngazi tulikuwa wazuri kiasi kwamba mama wa mazoezi alitoa simu atupige picha. Alipokuwa bado anatafuta mwanga, kitu kama moshi kilianza kutoka kwenye mapaja ya rais. Kikaja kwa jirani yake. Tulipoanza kutembea, kila hatua ilitoa wingu, na kabla hatujamaliza mzunguko bwawa lote lilikuwa na rangi ya wino wa shule. Filimbi ilimwanguka mama wa mazoezi kutoka mdomoni. Mlinzi, aliyesikia ukimya ambao haukuwa wa kawaida, aligeuka kwa mara ya kwanza.

“Bamama!” alipiga kelele. “Munafanya nini na mayi ya patron?”

Wenzangu walitoka wana miguu ya buluu, shingo za buluu, na rais alikuwa na masharubu ya buluu kwa sababu alikuwa amejipangusa. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, kwa raha ya mtu aliyesema. Kicheko kiliisha pale mwenye hoteli alipokuja. Hakutukana, alikuwa mtu wa adabu, lakini maji yale yote yalipaswa kumwagwa na bwawa kusuguliwa. Alisema wazee wapumzike kwanza.

Wapumzike mpaka lini, hakusema. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Binti yangu alikuwa anatembea ameshika kiuno. Mimi nilijaribu kushuka chini nyumbani, mkono ukutani, goti moja, na la pili likapiga kelele zake za zamani. Nililia siku hiyo. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa hasira ya kufikishwa karibu kisha kurudishwa. Na nilipomtembelea binti yangu kule Annexe, ambako wamejenga nyumba yao katikati ya mashamba ya mahindi, nilikuta chumba cha mama wa Likasi kimeshapigwa rangi.

Nilikwenda kwa rais nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Nilimkuta amejilaza sakafuni kwa sababu mgongo ulikuwa umemrudia, na yale masharubu ya buluu yalikuwa hayajafutika vizuri.

“Yaya, we njo ulijua,” alisema kabla sijafungua mdomo. “Utuonyeshe nguo gani.”

Maneno makali niliyameza. Tulikwenda pamoja kwa wauza mitumba, ambayo mjini kwetu huitwa tombola. Nguo halisi za kuogelea zilikuwepo, lakini zilishonwa kwa wasichana wasio na mapaja. Niligeuza marundo, nikasugua kila kitu kwa kidole chenye mate, na safari hii hakuna aliyetaja wivu. Kitambaa kisichochuja, kisichoelea, chepesi, kinachofunika mwili wa mama mwenye heshima, nilikipata kwenye rundo ambalo hatukulitegemea: jezi za mpira. Chini tukachukua suruali nyeusi za kubana. Rais alichagua namba tisa. Mimi, kwa sababu nilitaka mikono mirefu, nilichukua jezi ya golikipa, ya rangi ya chungwa, namba moja mgongoni, na kichwani kofia ya kuogelea iliyonifunika mpaka masikioni. Tulimpelekea mwenye hoteli jezi moja kwenye ndoo ya maji meupe, akaangalia ndoo, akatuangalia sisi, akaanza kucheka na hakuweza kukataa.

Tulirudi. Hatukufanana hata wawili, na mlinzi, akitazama ukuta wake, alitangaza kila asubuhi kwamba timu imeingia uwanjani. Sikukosa asubuhi hata moja. Nilifanya kazi kwa ukali ambao mama wa mazoezi aliuogopa. Aliniambia mwili wa mzee haufokewi, unabembelezwa. Fanya kidogo, fanya tena kesho. Nilimsikiliza kwa shingo upande, na alikuwa sahihi. Siku moja, jua likiwa limechoma sakafu ya nyumba yangu, nilishika ukuta, nikaweka goti, nikaweka la pili, nikakaa ubavu, nikaleta miguu mbele. Nilikuwa chini. Nilikaa pale muda mrefu nikitazama miundi yangu, ilivyo mitupu. Kisha nikarudi njia ileile kinyume, polepole, nikiwa nimeshika kigoda, na nikasimama. Sikumwambia mtu.

Mtoto alizaliwa kwenye mvua kubwa, msichana, mwenye sauti. Walipotoka hospitali nilikwenda Annexe na kibuyu changu cha mafuta ya mawese. Mama wa Likasi alikuwa amefika kabla yangu. Maji yalikuwa yanapata moto juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na mkeka ulikuwa umetandikwa. Alikuwa mwanamke mpole, na hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mkali.

“Mama, pumzika,” aliniambia. “Mi nilikuya juu ya ile kazi.”

“Nashukuru, mama,” nilisema. “Lakini leo nitaosha mimi.”

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Binti yangu alikuwa mlangoni amejifunga kitenge kifuani, uso wake umevimba kwa usingizi aliokosa. Alisema, “Maman,” na neno hilo moja lilikuwa na maneno yote ya siku ile niliyoanguka. Niliweka mkono ukutani. Goti moja. Goti la pili lilisema kitu kidogo, likanyamaza. Nilikaa ubavu, nikaleta miguu mbele, nikaibananisha miundi, nikakunja nguo mpaka magotini. Mama wa Likasi aliitazama miundi yangu. Halafu akainama, akamchukua mtoto kutoka kitandani, akaniwekea pale panapostahili, na akavuta beseni likawa upande wa mkono wangu wa kulia.

Mtoto alikuwa mwepesi, na alikuwa na joto. Nilijaribu maji kwa kiwiko, nikammwagia kidogo tumboni. Alishtuka, akafungua mikono yote miwili, akataka kulia. Kisha maji yakampitia mara ya pili na akaacha mwili wake wote juu ya miguu yangu, bila kushika kitu. Nilijua anachosikia, kwa sababu nami nilikisikia mwaka uleule nikiwa na jezi ya golikipa. Nilimwosha kichwa, nikamnyoosha mikono, nikampaka mawese kwenye mikunjo. Nilipomaliza mama wa Likasi alimpokea, maana kuinuka na mtoto mkononi bado siwezi, na sitajaribu kwa ajili ya sifa. Nilijigeuza, nikashika kigoda, nikasimama.

Kesho yake binti yangu alikuwa tena mlangoni, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele, golikipa anayengoja penalti, na macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu mpaka mwisho. Siku iliyofuata vilevile. Mama wa Likasi alimwambia akalale, mwili wa mzazi unataka usingizi, akakataa. Iliniuma, lakini sikumfokea. Mimi nilijua ilivyo kazi kumfanya mtu aamini kwamba kitu kitambeba.

Wiki ikaisha. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, mama wa Likasi alikuwa uani anafua, na mtoto alikuwa juu ya miundi yangu akipiga teke maji. Niliinua macho kumwambia binti yangu aone teke hilo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilinyamaza nikasikiliza, na kutoka chumbani, kupitia pazia, nikasikia anavyokoroma, alivyokoroma tangu utoto wake, mdomo wazi.

Nilichota maji kwa kiganja, nikayamwaga mgongoni mwa mtoto taratibu, yasipige kelele.